Kuunda Ekseli ya Gari Dogo Litambaalo Miambani

Ukilitazama gari dogo liendeshwalo kwa rimoti likipanda mwamba taratibu, gurudumu moja likiwa angani na la pili likijishika katika ufa usiotosha kidole, usidhani kwamba sifa ni ya mota. Mota yenyewe aghalabu ni ya bei sahali, na mwendo wa gari hilo haumshindi mtu aendaye kwa miguu. Sifa ni ya ekseli mbili zilizo chini yake, kwa kuwa hizo ndizo zichukuazo uzito wote, ndizo zigeuzazo mzunguko wa mota kutoka urefu wa gari kuupeleka ubavuni, ndizo zigongazo jiwe kabla ya kitu kingine chochote, na ndizo zivunjikazo. Nitakuonyesha namna ya kuziunda na kuziimarisha, lakini kabla hujatoa hata senti moja mfukoni nakuomba ushike neno moja lililonigharimu fedha nyingi kulijua: kila ekseli ina mahali pake pa kuvunjika, na kazi ya fundi ni kupachagua mahali hapo mwenyewe, mapema, asingoje kuchaguliwa na jiwe.

Mchezo huu ulikulia Marekani, na walioutangulia hawakukuta ekseli iliyotengenezwa kwa ajili yake. Walitamani kuiga kwa kipimo kidogo magari makubwa yapandayo miamba ya Moab, katika jimbo la Utah, wakalazimika kuazima viungo kwa magari ya michezo mingine. Tamiya, kampuni ya Ujapani, ilikuwa imetoa mwaka 1987 gari liitwalo Clod Buster, lenye matairi makubwa kupita kiasi na mota mbili, kila mota ikiwa imepandishwa juu ya ekseli yake. Ekseli hizo ziling'olewa, zikafungwa katika fremu zilizoundwa nyumbani, na hata leo wako wazee wa mchezo wasiokubali kuziacha. Wengine walichukua ekseli ndogo za chasisi ya TLT-1 ya kampuni hiyo hiyo, wakaijaza difu yake gundi ya sehemu mbili ili gurudumu la kushoto na la kulia yazunguke kama kitu kimoja, wakafurahi, kisha wakaanza kuhesabu meno ya gia yaliyobaki. Baadaye Axial, ya California, ikaleta SCX10, ambayo toleo lake la pili, la mwaka 2016, lilikuja na ekseli iitwayo AR44, iliyofuata sura ya Dana 44 ya magari ya kweli. Na mwaka 2017 Traxxas, ya Texas, ikatoa TRX-4 yenye ekseli za potali, ambazo nitazieleza mbele. Mifano yangu mingi itatoka katika SCX10, kwa sababu vipuri vyake vimeenea, na fundi wa gari lolote la kipimo cha 1 kwa 10 anaweza kujipimia kwayo.

Ndani ya nyumba ya ekseli, iwe ya plastiki au ya alumini, mna vitu vichache. Pinioni, iliyo gia ndogo, hupokea mzunguko kutoka kwa propela, iliyo shafti ndefu itokayo katika giaboksi, na kuutia katika krauni, iliyo gia kubwa; krauni imefungwa juu ya kipande kigumu kiitwacho loka, ambacho hukaa mahali ambapo gari la barabarani lingekuwa na difu, na hulazimisha magurudumu yote mawili kwenda pamoja, ama yanakanyaga ama yananing'inia; na kutoka kwa loka hutoka shafti mbili, moja kila upande. Ekseli ya nyuma huishia hapo. Ya mbele huongezewa kiungo cha kupinda, kishikio chenye umbo la herufi C, na kifundo kilibebacho gurudumu na kugeuka pamoja na stelingi. Na kwa ajili ya nyongeza hizo, taabu ya ekseli ya mbele ni mara mbili ya taabu ya ile ya nyuma.

Sasa tupime nguvu, maana wengi hununua vyuma bila kujua vinapigana na nini. Chukua gari lenye kilo 2.5, na ulidhanie katika hali ngumu kabisa, uzito wake wote ukiwa umeegemea gurudumu moja lenye kipenyo cha sentimita 12. Ikiwa mpira unashika jiwe kiasi kwamba huteleza tu pale nguvu ya kuvuta ilinganapo na uzito uliolala juu yake, basi gurudumu hilo litateleza mara nguvu ya mzunguko ifikapo kilo 15 kwa sentimita, yaani kilo 2.5 zikivuta mwishoni mwa mkono wa sentimita 6. Hiyo si nguvu ya kutisha. Shafti ya chuma iliyofanywa kwa uangalifu huichukua mwaka mzima. Lakini gurudumu likizama kati ya mawe mawili, likabanwa ubavu huu na huu, utelezi haupo tena wa kuiokoa shafti, na mota, ambayo nguvu yake huongezwa karibu mara 40 au zaidi na gia zilizo njiani, itaendelea kusokota hadi yenyewe isimame au kitu kikatike. Kwa hiyo mvunjaji wa ekseli ni kidole cha mwendeshaji kilichokataa kuachia rimoti wakati gurudumu limekwama, na nasaha ya kwanza ya kuimarisha ekseli, isiyo na bei, ni kurudi nyuma nusu hatua na kutafuta njia nyingine.

Kitu kikisha kukatika, usikitupe; kisome. Shafti ya chuma laini iliyozidiwa husokotwa kwanza, mistari yake ikajiviringa kama kamba, kisha hukatika bapa kama iliyokatwa kwa msumeno. Iliyotiwa ugumu kupita kiasi haisokotwi hata kidogo, bali hupasuka ghafula kwa mkato wa mshazari uzungukao. Kama huamini, chukua kipande cha chaki ukisokote kwa vidole viwili, nawe utauona mkato huo huo wa mshazari. Ya kwanza inakuambia kwamba nguvu ilizidi chuma. Ya pili inakuambia kwamba chuma kilikuwa kigumu lakini hakikuwa na uvumilivu. Tazama pia mahali ilipokatikia. Mara nyingi utakuta ni kwenye tundu la pini ipitayo katika shafti kuishika nati ya gurudumu yenye pembe sita, kwa sababu pini ya milimita 2 katika shafti ya milimita 5 imeondoa sehemu kubwa ya nyama yake. Hapo ndipo faida ya unene ionekanapo: uwezo wa shafti kupinga kusokotwa hukua kwa kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, hata shafti ya milimita 6 kuishinda ya milimita 5 ya chuma hicho hicho kwa asilimia 73, ilhali kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Mimi nilianza kwa ujinga wa kila mwanafunzi. Shafti ya nyuma ilikatika kwenye tundu la pini, nikanunua jozi ya chuma kilichotiwa ugumu. Juma lililofuata krauni ikapoteza meno matatu, nikanunua krauni na pinioni zilizochongwa katika chuma kizima. Propela ya plastiki ikajisokota kama ukindu, nikatia ya chuma. Na siku niliyojiona nimemaliza, gari likanguruma, likasimama, nami nikajikuta nimeketi sakafuni usiku wa manane nikifungua skrubu baada ya skrubu kuifikia gia moja iliyo katikati ya giaboksi, ambayo sikuwa hata nimejua kwamba ipo. Kila nilipouondoa udhaifu mahali, nilikuwa nimeuhamisha tu, tena nikiupeleka mahali pa ndani zaidi na ghali zaidi. Nilirudi nyuma nikafanya hivi: krauni, pinioni na propela nikaziacha imara, lakini vishina vifupi vya nje, vile vinavyobeba magurudumu, nikavirudisha vya chuma cha wastani, kwa kuwa kishina huondolewa kwa skrubu nne na kazi yake haizidi dakika kumi. Kama gari lako lina klachi ya kuteleza juu ya gia kubwa ya mota, basi umepewa udhaifu ulio bora kuliko wangu: ilegeze nati yake hadi iteleze wakati gurudumu limeshikwa kwa mkono na mota inalazimishwa, kisha ikaze robo mzunguko, na uiache hapo.

Katika kununua, basi, fuata mfuatano wa haja, usifuate mng'aro. Nyumba ya ekseli ya alumini ndiyo ya kwanza kutamaniwa kwa uzuri wake, nami ningeiweka karibu na mwisho. Plastiki ngumu huteleza juu ya jiwe, hupinda kidogo na kurudi. Alumini hukwaruzwa, na kila mkwaruzo huwa ni jino la kushika mwamba mahali ambapo ungependa lipite. Iko sababu moja ya haki ya kuinunua, nayo ni kwamba nyumba ya plastiki ikijipinda chini ya mzigo huziachanisha krauni na pinioni, meno yakapandana na kukatika ingawa yenyewe hayana kosa. Lakini nyumba ya chuma iliyochongwa vibaya ni msiba kuliko plastiki njema: niliwahi kuletewa moja ambayo vikao vyake vya beringi vilikuwa vimelegea hata beringi ikacheza kama jino la mtoto wa miaka saba, na muuzaji akanijibu kwamba grisi ingejaza pengo. Ipime kwa kalipa kabla ya kuifunga. Beringi yatakiwa kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikidondoka yenyewe, irudishe ulikoinunua.

Kuzifunga krauni na pinioni ndiyo kazi yenyewe, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Osha nyumba kwa sabuni, ikauke, ukung'ute vumbi la kuchonga lililojificha pembeni. Tia beringi za pinioni, tia pinioni, kisha jaribu kuivuta na kuisukuma kwa vidole: ikicheza mbele na nyuma, weka nyuma yake shimu nyembamba, ya milimita 0.1 au 0.2, moja baada ya moja, hadi mchezo uishe lakini mzunguko ubaki huru. Fanya hivyo hivyo kwa loka iliyobeba krauni, ukikumbuka kwamba shimu ukiiweka upande wa meno unaisogeza krauni mbali na pinioni, na ukiiweka upande wa pili unaisogeza karibu. Gia zikikazana mno, utasikia mikwaruzo na ekseli itakuwa nzito mkononi. Zikiachana mno, zitapiga kelele chini ya mzigo na kugusana kwa ncha tu, na ncha ndiyo sehemu ya jino iliyo dhaifu. Wino utakuwa shahidi wako: paka meno matano ya krauni kwa kalamu nene ya wino, funga ekseli, zungusha mara kumi huku ukiizuia kidogo kwa mkono mwingine, kisha fungua utazame. Wino uliofutika katikati ya jino ni dalili ya kazi njema. Uliofutika ukingoni mwa nje au wa ndani unakuagiza uhamishe shimu. Nimepata kufungua na kufunga ekseli moja mara tisa jioni moja, na sijutii hata mara moja kati ya hizo tisa.

Baada ya wino kukubali, pangusa, tia grisi nzito kiasi cha kufunika meno, wala usiijaze nyumba, kwa kuwa grisi ya ziada hujitafutia njia ya kutoka kupitia beringi na kukusanya mchanga. Skrubu ziingiazo katika chuma zitiwe tone la gundi ya kuzuia kulegea, ile ya buluu ambayo hufunguka kwa spana; ziingiazo katika plastiki zisitiwe kitu, maana gundi hiyo huzitafuna baadhi ya plastiki zikapasuka.

Hesabu ya meno nayo yataka neno. Ekseli za SCX10 ya kwanza zilikuwa na krauni ya meno 38 na pinioni ya meno 13, yaani propela huzunguka mara 2.92 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. AR44 ina 30 kwa 8, yaani 3.75. Tofauti hiyo si ya mwendo tu. Kadiri ekseli ipunguzavyo mwendo zaidi, ndivyo propela na giaboksi zinavyobeba nguvu ndogo zaidi ya kusokota kwa kazi ile ile ya gurudumu. Na kutoka 2.92 kwenda 3.75 unaipunguzia propela mzigo kwa asilimia 22, na pamoja na hayo unapunguza ile tabia ya gari kulala ubavu mmoja kila ukikanyaga, itokanayo na propela kutaka kuisokota bodi. Kwa sababu hiyo mimi huamini kwamba kupunguza mwendo kufanyike karibu na gurudumu iwezekanavyo, na kama gari limekuwa la polepole kupita kiasi, basi liongezwe kasi huko kwenye mota.

Kuna pia ufundi wa kuzipa ekseli mbili hesabu zisizolingana, magurudumu ya mbele yakaenda kasi kuliko ya nyuma. Kwa SCX10 ya kwanza na jamaa zake hupatikana gia za 36 kwa 14 na za 43 kwa 13. Ukitia za 43 kwa 13 nyuma na kuacha za 38 kwa 13 mbele, mbele huenda kasi zaidi kwa asilimia 13, na gari huvutwa kwa pua, likapinda katika duara dogo na kusita kuanguka chali kwenye mteremko mkali. Ukitia 36 kwa 14 mbele na 43 kwa 13 nyuma pamoja, tofauti hufika karibu asilimia 29, nayo nimeiona ikizikokota tairi na kuzitesa shafti kwenye ardhi tambarare, sikushauri.

Kuhusu kiungo cha kupinda cha mbele, jihadhari na majina ya dukani. Kiungo cha msalaba kina ila yake ya asili: shafti ya ndani ikizunguka kwa mwendo mmoja, na kiungo kikiwa kimepinda nyuzi 30, gurudumu hupungua hadi asilimia 87 ya mwendo huo na kupanda hadi asilimia 115, mara mbili katika kila mzunguko; kwa nyuzi 45 hushuka hadi 71 na kupanda hadi 141. Ndiyo maana gari lililokata stelingi yote hurukaruka kama punda aliyeumwa na nzi. Kiungo cha gololi, ambacho kwa magari ya kweli kilifanyizwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Marekani, katika miaka ya 1920, hakina ila hiyo. Lakini vingi viuzwavyo kwa magari yetu kwa jina la viungo vya mwendo mmoja ni msalaba tu uliofichwa ndani ya kikombe. Ni imara, ni vyema, ila havifanyi lile lisemwalo na jina lao. Kinachofaa zaidi ni kuweka kikomo cha stelingi, kwenye rimoti au kwa skrubu ya kuzuia kwenye kifundo, kabla kiungo hakijafika mahali ambapo pembe zake hugusana. Mkono wa servo, iliyo mota ndogo igeuzayo stelingi, hauna huruma, na kiungo kilichogusana chuma kwa chuma kikisukumwa na mota hupasuka mara ya kwanza.

Kifundo chenyewe chatakiwa kiegemee nyuma kwa juu, nyuzi 6 hadi 10, ili magurudumu yarudi katikati yenyewe. Hapa wengi hujikwaa: wanaiona propela imepinda vibaya, wanaizungusha ekseli ya mbele ili pinioni itazame juu, na bila kujua wanakisukuma kichwa cha kifundo mbele, gari likapoteza adabu ya stelingi. Dawa ni vishikio vya C viwezavyo kuzungushwa peke yake juu ya nyumba ya ekseli, na kama vyako vimegandamana na nyumba, basi chagua katika mambo mawili lile unaloweza kulivumilia.

Uzito utie chini, na utie mbele. Shaba iliyochanganywa na zinki ina gramu 8.5 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, na alumini 2.7, kwa hiyo vifundo, vishikio na mfuniko wa difu vya shaba huwa na uzito mara tatu ya vile vya alumini vya umbo hilo hilo, na uzito huo hukaa chini ya springi, mahali usipoweza kuliangusha gari. Weka magurudumu ya mbele juu ya mizani ya jikoni, ya nyuma juu ya kitabu cha kimo sawa na mizani, usome. Mimi hupenda mbele pawe na asilimia 58 hadi 60 ya uzito wote wa gari. Nyuma usitie shaba hata kidogo mpaka umelijua gari.

Ekseli za potali, kama zile za TRX-4, na kama zile za Unimog ya Ujerumani katika ulimwengu wa magari ya kweli, huiweka nyumba ya ekseli juu ya kitovu cha gurudumu, na huushusha mzunguko kwa gia ndani ya kisanduku kilicho kwenye kila gurudumu. Jiwe hupita chini kwa raha, na kwa kuwa gia hizo za mwisho hupunguza mwendo, shafti na krauni hupumzishwa. Bei yake ni visanduku vinne zaidi vyenye gia na beringi zao, na kila kimoja kikipokea mchanga. Kwa mwenye kuishi pwani na kuendesha juu ya mawe ya ufukweni, nasema waziwazi: maji ya chumvi yakiingia katika kisanduku cha potali leo, kesho kutwa beringi itakuwa kutu. Suuza kwa maji matamu jioni ile ile, fungua, kausha, tia grisi upya.

Ekseli mpya usiipeleke mlimani mara moja. Liinue gari, magurudumu yakiwa hewani, uyazungushe polepole dakika kumi mbele na dakika kumi nyuma, kisha shika kila nyumba kwa kiganja: ikiwa moja ni ya moto kuliko mwenzake, shimu zake zimekaza. Na mfukoni, uendako, chukua vishina viwili vya nje, pini nne za magurudumu, alenki ya milimita 2 na nyingine ya 1.5, na kitambaa cheupe cha kutandaza chini unapofungua, kwa sababu pini ya milimita 2 ikianguka katika changarawe haionekani tena.